Mkono wa Chumba cha Tisa

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imekatika robo saa iliyopita. Volkano ya Nyiragongo ilikuwa bado imefunikwa na wingu hadi kiunoni, na maji yalikuwa yakipotea kati ya mawe meusi bila kuacha tope. Inspekta mstaafu Sikuli aliyaandika hayo yote katika daftari lake kabla ya kubisha hodi, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita ya utumishi. Kisha akafuta viatu vyake kwa kitambaa, akakikunja kitambaa mara nne, akabisha.

Nyumba ilikuwa ya mbao, mwishoni mwa kichochoro cha Munigi, pembezoni mwa Goma. Alikuwa amekuja kuthibitisha jambo moja dogo, na alikuwa na chini ya saa mbili za kulithibitisha. Saa kumi kamili ripoti yake ingesomwa mbele ya Chama cha Wasafiri, katika chumba cha kusomea cha Mama Charline, mtaa wa Mapendo. Ikishasomwa, Héritière, mpiga chapa wa chama, angefukuzwa kazi, na jina lake lingefutwa katika orodha ya wanachama kama jina la mwizi.

Kesi yenyewe ilihusu kitabu. Miaka miwili iliyopita Profesa Dieudonné, mwalimu wa historia na rafiki wa Sikuli tangu internat, shule ya bweni ya mapadri, alitunga mchezo wa masimulizi uitwao *Ngome Chini ya Lava*. Mchezo huo hauna ubao wala mshindi: mtu mmoja, msimulizi, hushika kitabu na kueleza kilichopo, wengine, wasafiri, husema watakachofanya, na dadu huamua pale tu ambapo bahati ina haki ya kuamua. Ngome ilipendwa Goma nzima. Mwezi wa nane ilitoka sehemu ya pili, *Kurudi Ngomeni*, yenye vyumba kumi na viwili, na wasomaji waliigawa katikati kama mkate: vyumba sita vya kwanza walivicheka, sita vya mwisho waliviomba tena. Profesa alitoa maelezo mafupi. Vyumba vizuri ni vyake. Vibaya vilipachikwa na mpiga chapa, ambaye pia alipoteza karatasi ya majibu ya msimulizi.

Sikuli alikuwa ameyathibitisha maelezo hayo kwa hoja aliyoiona haina ufa. Vyumba vizuri vilifuata sheria moja isiyoelezwa popote: anayegawa huchukua wa mwisho. Hiyo ilikuwa sheria ya meza ya chakula katika internat yao, kule vilimani Masisi, ambako kiranja aliyeitwa kapita ndiye aliyegawa, na hakuna shule nyingine iliyokuwa nayo. Dieudonné alikula katika meza ile. Héritière hakula. Kurasa tatu, sahihi, tarehe.

Héritière alipokabidhiwa nakala ya ripoti hakulia wala hakubisha. Alisema tu: "Papa Inspekta, kitabu umekisoma. Haukukicheza."

Kwa hiyo jana, kwa kiburi zaidi kuliko kwa shaka, alikuwa amekicheza, na chumba cha tisa kilimwacha na swali.

Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi wa miaka sabini hivi, mwenye kitenge cha bluu na macho yasiyohitaji miwani.

"Karibu, papa. Ni nani?"

"Naitwa Sikuli, mama. Nilisoma internat ya kule Masisi. Nimeambiwa kwamba mpishi wetu, Mama Léocadie, anaishi hapa."

Bibi alimtazama kuanzia viatu. "Sikuli. Sikuli kapita! Ule wa kupiga kengele mbele ya saa!"

"Kengele niliipiga kwa saa yake, mama."

"Mbele ya saa! Maharagi haijaiva, na weye uko napiga kengele. Ingia, kapita. Leo hakuna kengele."

Aliingia akainamisha kichwa. Alipewa kiti pekee kilichokuwapo, naye bibi akaketi juu ya kidumu. Sikuli alifungua daftari.

"Mama, nina swali moja. Bwaloni, sahani zilikuwa kumi na mbili kwa kila meza. Kapita aligawa, akachukua wa mwisho. Kisha sahani ya mwisho ilipita kwenye kidirisha cha jikoni ili ihesabiwe. Je, jikoni palifanyika jambo lolote juu ya sahani hiyo?"

Bibi Léocadie aliacha kucheka.

"Ni nani amekuambia?"

"Kitabu kimoja."

"Padri mhasibu angejua, angenifukuza." Alipapasa kitenge chake gotini. "Ule mwenye kugawa vizuri alikuwa analala njaa, kapita. Sahani kumi na moja zimejaa, ya kumi na mbili ni mchuzi tu. Niliongeza upawa moja. Kila siku. Miaka kumi na moja."

"Hata kwangu?"

"Zaidi kwako. Ulikuwa unagawa sawasawa sana, mutoto mwembamba vile."

Kalamu ya Sikuli ilisimama. Miaka miwili ya ukapita sahani yake ilirudi imejaa, naye aliwahi kuwaambia wenzake, akiwa amesimama juu ya benchi, kwamba mwenye haki hapungukiwi. Maneno hayo alikuwa akiyarudia hadi leo katika harusi na mazishi.

"Na wanafunzi walifanya nini, mama? Hawakusema neno?"

"Hakuna mutu aliangalia mu kidirisha. Mulikuwa munarudisha sahani chafu, munakimbia mupira." Alitabasamu kidogo. "Mi nilingojea kintu kidogo tu. Sahani irudi safi, na mutu aseme asante. Siku moja tu. Haikufika."

Sikuli aliandika neno kwa neno, akaongeza saa: nane na dakika thelathini na moja. Alimsomea maelezo yake, bibi akaweka sahihi ya herufi kubwa. Alipokuwa akitafuta mahali pa kuegemeza daftari, aliona juu ya kasha kitabu chenye jalada lililochakaa. Kilikuwa *Kurudi Ngomeni*.

"Mama, kitabu hiki umekipata wapi?"

"Si ni ya mutoto wangu? Kitinda mimba, Héritière. Anapiga mashine kule Mapendo." Sauti ilishuka. "Anasema kuna mukubwa mumoja amemuandikia ripoti mbaya. Unamujua ule mukubwa, kapita?"

Katika ripoti ya Sikuli palikuwa na maswali kumi na manne aliyomuuliza Héritière. Alikuwa ameuliza aina ya mashine, idadi ya karatasi, funguo za kabati. Wazazi wake hakuwauliza. Alikuwa ameandika, bila kuuliza: *Hana uhusiano wowote na internat.* Aliwahesabu wote waliokaa mezani, hakumhesabu aliyepika.

"Ninamjua, mama," alisema. "Ni mimi."

Nje, mtu alipita na kidumu cha maji akisalimu, wala hakuitikiwa.

"Basi mu jikoni tunaonaka mengi," bibi alisema mwishowe, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Upawa niliona mi. Na ile taa ya kapela pia niliona. Dieudonné, maskini, siku tisa anafyeka majani kwa jua. Na mwenye kuivunja yuko napiga kengele."

Sikuli alisimama. Alishika kofia kwa mikono miwili, akaomba ruhusa ya kuondoka kama mwanafunzi anavyoomba.

Saa tisa na dakika saba alikuwa Mapendo. Katika chumba cha kusomea viti vilikuwa vimepangwa kwa ajili ya mkutano. Mama Charline, mwenyekiti wa chama, mwanamke wa Butembo mwenye sauti ya sokoni na hesabu ya benki, alikuwa mezani pamoja na Benny, fundi pikipiki, msafiri hodari kuliko wote. Héritière aliketi pembeni, mikono mapajani. Profesa Dieudonné alikuwa amevaa koti la sherehe.

"Simu ya Héritière iko wapi?" Sikuli aliuliza.

"Hapa mbele yangu tangu saa nane, kama ulivyoagiza," alisema Charline. "Na ya Profesa pia. Hajafurahi."

"Kapita wangu," Dieudonné alisema akicheka, "ripoti si imekwisha? Sasa unatupokonya simu kama bwenini?"

"Ripoti ina upungufu, na sitaki jibu lipitie simu. Benny, eleza vyumba sita vya kwanza, kwa ajili ya kumbukumbu."

Benny alikuwa akiingoja nafasi hiyo. "Papa Inspekta, chumba cha kwanza kina joka. Cha pili kina joka. Cha tatu, mushangao mukubwa: joka. Cha ine, joka lina homa. Yanakaa pale tu, kama watu wanangojea mushahara. Hayali, hayatoki, mulango ni mudogo kuliko tumbo lake. Liliingia namna gani? Na dadu tunatupa bure: ukishinda unaenda chumba cha tano, ukishindwa unaenda chumba cha tano."

"Na kuanzia cha saba?"

"Kuanzia cha saba mutu anaogopa." Benny aliacha mzaha. "Kila kintu kina sababu yake. Ukikosea, unajua ni weye umekosea."

"Ndiyo maana nasema," Profesa aliingilia. "Mikono miwili tofauti. Inspekta mwenyewe amethibitisha."

"Nimethibitisha kwamba mikono ni miwili. Sijathibitisha upi ni wa nani." Sikuli alifungua kitabu. "Chumba cha tisa, Bwalo la Mawe. Sahani kumi na mbili. Msafiri anayegawa kwa haki anabaki na sahani pungufu. Halafu, nasoma: *mkono unatoka katika tundu la ukuta, unaongeza upawa mmoja katika sahani ya mwisho, unarudi.* Kitabu hakisemi mkono ni wa nani. Chumba cha kumi na moja: mlango usio na kitasa, na sauti nyuma yake inauliza, *Ulinirudishia nini?* Jibu halimo. Lilikuwa katika karatasi ya majibu, ambayo Profesa anasema ilipotezwa."

"Ilipotezwa na huyu," alisema Dieudonné.

"Mi sikuipoteza," alisema Héritière. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunena. "Nilimupa. Alisema haina kazi, inaongeza bei ya karatasi."

"Aliyetunga chumba anajua jibu lake hata karatasi ikiungua," Sikuli alisema. "Kila mmoja wenu ataandika mambo mawili: mkono ni wa nani, na mlango unafunguliwa na nini. Dakika tano. Mama Charline, tafadhali tazama saa."

Héritière alimaliza kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Profesa aliandika, akafuta, akaandika tena, akajipangusa shingo ingawa hewa ilikuwa ya baridi. Wakati ulipotimia Charline alizikunja karatasi zote mbili, akaisoma ile ya kwanza kwa sauti isiyoegemea popote.

"Profesa Dieudonné. *Mkono ni wa mzimu mlafi. Upawa una sumu. Mlango unafunguliwa na upanga wa msafiri aliyekataa kula.*"

"Tucheze hivyo," alisema Sikuli. "Benny, uko chumba cha tisa."

Benny alivuta dadu. "Sawa. Nimegawa, nimechukua wa mwisho, mkono umetoka. Ni sumu? Nakataa kula. Naenda chumba cha kumi. Hapo kitabu kinasema..." Alifuata mstari kwa kidole cheusi cha mafuta. "*Asiyekula hana nguvu za kuinua jiwe.* Basi siwezi kupita. Narudi, nakula: nakufa na sumu. Nisipokula, jiwe linanizuia." Aliinua kichwa. "Profesa, unatuua pande zote mbili. Hata majoka yako yalikuwa na huruma."

"Ni kosa la chapa," alisema Dieudonné.

"Labda. Ya pili, mama."

Charline alisoma polepole zaidi. "Héritière. *Mkono ni wa mupishi. Anajua kwamba mwenye kugawa kwa haki analala njaa. Chakula ni kizuri, mutu ale. Mulango unafunguka kama msafiri alirudisha sahani safi mu tundu na kusema asante. Kama alirudisha chafu, mupishi hana hasira, lakini haamuki kufungua.*"

Benny alicheza bila kuambiwa. Alikula, akainua jiwe la chumba cha kumi, akafika mlangoni. Sauti iliuliza. Hakutupa dadu. Alisema tu, kwa sauti ambayo fundi wa pikipiki haitumii mara nyingi, "Sahani safi, mama. Na asante," kisha akageuza ukurasa wa chumba cha kumi na mbili, ambao tangu kitabu kitoke hakuna aliyekuwa ameelewa mwanzo wake: *Mwanamke mwenye mikono ya masizi anakupisha.*

Sikuli alitoa daftari, akaliweka mbele ya Charline penye maelezo yenye sahihi ya herufi kubwa na saa iliyoandikwa pembeni. Charline alisoma hadi mwisho, akalitambua jina, akamtazama msichana, akamtazama Sikuli.

"Ulikuwa unajua ni mama yake?"

"Hapana. Sikuuliza."

"Na weye, Héritière, kwa nini hukusema?"

"Ile upawa ilikuwa siri ya mama," alisema msichana. "Alinisimulia tukichambua maharagi. Profesa alisema hana tena wazo, nimalizie, jina langu litakuwa ndani. Nikamaliza. Kama ningesema nilijulia wapi, mungeanza kusema Mama Léocadie alikuwa anaiba chakula cha mapadri."

Saa tisa na dakika arobaini na tano Dieudonné alimwomba Sikuli watoke barazani. Wanachama walikuwa wameanza kufika, miavuli kwapani. Profesa alishika nguzo kwa mkono mmoja, na koti la sherehe lilionekana kubwa kuliko yeye.

"Nilikauka, Sikuli. Kitabu cha kwanza kilinimaliza. Watu wananisimamisha njiani, Profesa, lini sehemu ya pili? Ningesema nini? Kwamba mpiga chapa ananishinda?"

"Ungesema hivyo."

"Ni rahisi kwako." Alitazama mawe ya uwanja. "Sitaki uongo. Sema tu ushahidi hautoshi. Kesi inafungwa, hafukuzwi, nami sifi. Sijawahi kukuomba kitu. Februari, mwaka wa themanini na tisa. Siku tisa, kapita. Sikufungua mdomo, ukabaki na kengele yako. Unanidai nini? Hakuna. Mimi ninakudai."

Sikuli aliinamisha kichwa, na Dieudonné akalichukua hilo kuwa kibali. Wiki iliyopita, alipoandika ripoti, alikuwa ameongozwa na methali ya internat yao: neno la mwenzetu halihitaji shahidi. Alikuwa ameliita neno hilo uaminifu. Sasa lilisimama mbele yake likiomba lilipwe.

"Unanidai," alikubali. "Nitakulipa leo. Lakini sitakulipa kwa mali ya mtoto wa mtu."

Aliingia ndani.

Saa kumi kamili walikuwa watu ishirini na watatu kwenye viti, na wengine wamesimama dirishani. Charline alifungua mkutano, akampa Sikuli nafasi. Alisimama wima, visigino pamoja, namna walivyofundishwa kusimama mbele ya padri mkuu.

"Kabla ya ripoti, nina maungamo. Mwezi wa Februari mwaka 1989, taa ya kapela ya internat yetu ilivunjwa. Dieudonné aliadhibiwa mbele ya shule nzima, akafyeka majani siku tisa. Taa niliivunja mimi. Nilinyamaza ili nisipoteze ukapita, naye alinyamaza kwa ajili yangu. Aliaibika hadharani, kwa hiyo nalipa hadharani. Miaka thelathini na mitano nimejiita mtu wa haki. Hilo lifutwe."

Hakuna aliyecheka, hata Benny. Dieudonné, karibu na mlango, alikuwa ametazama chini.

"Sasa ripoti. Naiondoa yote. Sahihi yangu iliwekwa chini ya jambo nisilolijua. Vyumba sita vya mwisho vya *Kurudi Ngomeni* vilitungwa na Héritière. Ushahidi uko mezani kwa mwenyekiti, na yeyote anaweza kuucheza."

"Profesa, una la kujibu?" aliuliza Charline.

"Sina," Dieudonné alisema. "Majoka ni yangu."

Sauti ilipanda chumbani, Charline akaituliza kwa kiganja. Jina la Héritière litawekwa juu ya jalada, alitamka, na atabaki katika kazi yake. Asiyekubali anyooshe mkono. Hakuna mkono ulionyooshwa.

Sikuli hakuketi. Alifungua daftari katika ukurasa wa maswali kumi na manne, akatembea hadi pale msichana alipokaa, akasimama mbele yake kofia ikiwa kwapani.

"Héritière, nina deni la swali moja kwako. Ningepaswa kukuuliza kwanza kabla ya yote. La kumi na tano: mama yako ni nani?"

Msichana alisimama kwanza, bila haraka. Ilikuwa haki yake.

"Ni Léocadie," alisema kwa sauti iliyofika dirishani. "Mupishi wa internat."

Sikuli aliliandika jina kwa herufi kamili, na kazi yake mbele ya jina. Aliongeza saa: kumi na dakika kumi na sita. Kisha akageuza daftari upande wa msichana, akampa kalamu ili asahihishe, na kuweka sahihi.